Vitamini za Mama

4 Machi

Kitinda,

Salamu zipo, lakini zitangoja, kwa sababu kwanza nina hasira na sijui nimmwagie nani. Mama ametoka hospitali. Nyonga imeungwa kwa chuma, kidonda kinakauka vizuri, na daktari wa mifupa ameisifu sana kazi ya mikono yake mwenyewe. Tatizo ni maumivu. Amepewa kodeini, vidonge vidogo vyeupe, na wagonjwa wenzake wodini walikuwa wakivimeza wanalala kama watoto. Mama akivimeza ni sawa na kumeza chokaa. Anasaga meno, anashika ukingo wa kitanda, na ukimgusa goti anakuangalia utadhani wewe ndiye uliyemsukuma ngazini.

Daktari ameniambia jambo moja na nataka nawe ulijue. Mguu usipoanza kukanyaga chini mapema, nyonga itakakamaa na mama hatatembea tena. Sisemi atachechemea, nasema hatatembea. Atakuwa mtu wa kulazwa na kuvalishwa, yeye ambaye hataki hata kushikiwa mwavuli. Na hawezi kukanyaga kwa sababu maumivu hayamruhusu. Kwa hiyo kila kitu kimekwama kwenye hivyo vidonge.

Mfamasia alimuuliza mama kama kuna dawa nyingine anazotumia. Nikamjibu kwamba dawa zote za mama nazishika mimi, ni ya presha tu asubuhi, basi, na zile vitamini unazomtumia wewe. Akaandika. Daktari naye akasema wazee wengine hudeka. Mama yetu alituzaa sisi wawili bila kupiga kelele, leo aambiwe anadeka? Nilitamani kumrushia kiatu.

Mume wangu amehamishia kazi yake ya makochi barazani ili awe karibu naye mchana nikiwa kiwandani. Makochi ya wateja yamejaa mpaka mlangoni, ukija utaingilia dirishani.

Kama kuna kitu unakijua kuhusu mwili wa mama ambacho mimi sikijui, ingawa sidhani, niandikie. Najua huko kambini simu ni pambo tu. Barua angalau zinafika.

Dada yako


15 Machi

Dada Jemadari,

Usinune, jina hilo alikupa mama, mimi nalitumia tu. Barua yako imekuja na lori la mahitaji na nimeisoma nikiwa nimelala chini ya jenereta, ndiyo maana hii ninayokuandikia ina alama za grisi. Bwawa halijaisha, mtambo wa pili umegoma, na mkuu wa kambi anaamini nikiukemea utawaka.

Nimesikitika sana kuhusu mama. Lakini unaniuliza mimi juu ya mwili wake? Nani anaujua mwili wa mama kuliko wewe? Hata akipiga chafya unajua ni ya vumbi au ya baridi.

Mimi nahisi vidonge vyenyewe ni vibovu. Siku hizi watu hawana haya, mtu anakanda chaki na sukari anaiita dawa. Jaribu duka jingine. Au mwambie daktari aongeze kipimo, kwani anaogopa nini? Hizo vitamini mwachie kama zilivyo, chupa yake aishike mwenyewe. Ni mtu mzima, awe na kitu kimoja kisichopita mikononi mwako.

Msalimie Shemeji. Mwambie lile kochi aliloniahidi bado nalisubiri, nitazeeka nikiwa nimekalia ndoo.

Kitinda


17 Machi

Mwanangu wa mwisho,

Naandika Jemadari akiwa kazini na mkwe wangu akiwa amekwenda kununua misumari, kwa hiyo nina nafasi ya kusema ukweli. Vitamini zinakaribia kuisha. Tuma mapema kama kawaida, ndani ya chupa ileile.

Wewe unajua na mimi najua kwamba si vitamini. Tangu yule daktari mwanamke wa huko kwenu uliyenipeleka kwake aniandikie, baada ya kumzika baba yenu, ndizo zinazoniamsha asubuhi nikachana nywele. Sitaki kurudi kule nilikokuwa, kukaa kitandani mchana kutwa natazama ukuta. Dada yako aliona ukuta ule ule akadhani nimechoka na wageni wa msiba. Sikumsahihisha, na wala sitamsahihisha. Akijua mama yake anameza dawa ya huzuni atanitengenezea ratiba ya kuhuzunika, na Jumapili atakagua.

Usidhani simpendi. Nimewagawia tu. Yeye nimempa presha, meno na miguu. Wewe nimekupa usingizi na moyo. Ndivyo alivyofanya marehemu mama yangu, kila mtoto na fungu lake la maradhi, maana mtoto akiyajua yote anageuka kuwa mzazi wako.

Maumivu ni ya kweli, mwanangu. Usimsikilize anayesema nadeka. Ni kama mtu amesahau patasi ndani ya nyonga. Juzi niliwaza kumnong'oneza daktari wa mifupa juu ya hizo dawa zako, asije akasema nimemficha. Lakini Jemadari hukaa katikati yetu na kujibu kabla sijafungua mdomo. Hata nikiulizwa kama nimepata choo, anajibu yeye. Nikaona basi, yaishe.

Mama yako


28 Machi

Kitinda,

Keti kwanza. Mume wangu ameondoka nyumbani. Nimemwondoa mimi.

Nilibadilisha duka kama ulivyosema. Vidonge vikawa vyeupe zaidi na mama akaendelea kuumia vilevile. Nikarudi kwa daktari, akaongeza kipimo mara mbili, akaniangalia kwa jicho la pembeni, akaniuliza nina uhakika kwamba mgonjwa ndiye anayevimeza. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kodeini ni dawa inayopendwa na watu wengi wasiougua, na nyumba nyingi zina mtu wa namna hiyo. Nikatoka pale na sumu hiyo sikioni.

Unajua kazi yangu. Kutwa nakagua mashati, natafuta kifungo kilicholegea, na nisipokiona najua kipo. Kushuku ndiko kunakonilisha. Nikaanza kukagua nyumba. Mgongo wa mume wangu unamsumbua tangu aanguke na lile kabati, hilo unalijua. Mama aliporudi kutoka hospitali, mume wangu aliwahi kuniomba kidonge kimoja ajaribu, nikamkatalia. Na sasa kila nikirudi jioni namkuta amesinzia kwenye kochi la mteja, nyundo mkononi, mdomo wazi. Pamba ya ndani ya chupa nikaikuta imewekwa kinyume. Nikajumlisha.

Nilimuuliza mbele ya mama. Alisema hajagusa. Nikamwambia mtu aliyekesha kazini husinzia, wewe umekeshea wapi? Akasema, "Wewe umeshaamua. Mimi nitasema nini?" Akachukua kikapu chake cha vifaa na shati moja. Analala karakana, juu ya makochi ya watu. Mama alipiga kelele kwamba namwonea, lakini mama anampenda mkwe wake kuliko haki.

Usiniandikie maneno ya kunituliza. Nina hasira na yeye, na daktari, na huo mguu, na nina hasira nawe uliyeko mbali unatengeneza umeme wa watu wengine. Kila asubuhi namshika mama mabega, namwambia tukanyage, na kila asubuhi anakanyaga mara moja analia. Nyonga inakakamaa, Kitinda. Naisikia chini ya kiganja changu.

Dada yako


9 Aprili

Mama,

Naomba uvumilie. Mlima umeshuka barabarani na lori haliwezi kupita. Mifuko ya barua inavushwa na watu kwa miguu kwenye tope, lakini mizigo imezuiwa upande wa huku mpaka wasafishe. Chupa yako iko kwenye mzigo, imefungwa ndani ya soksi. Nimempigia kelele karani mpaka sauti imekauka, anasema yeye si tingatinga.

Kama zimeisha, jikaze kidogo. Si dawa ya kuua mtu kwa kuikosa.

Dada ameniandikia kuhusu Shemeji. Siamini hata chembe. Zungumza naye, anakusikiliza wewe.

Kitinda wako


9 Aprili

Dada,

Umesema nisikutulize, sawa. Nitakuuliza tu. Ulimwona Shemeji anameza? Ulikuta kidonge mfukoni mwake? Au ulikuta mtu mwenye usingizi?

Sina la kuongeza. Barabara imekatika na mimi nimekatika nayo.

Kitinda


14 Aprili

Kitinda,

Leo nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwa mama, naye amelala, na nitakuomba usome barua hii kwa sauti ili uyasikie vizuri maswali yako uliyoniuliza.

Mama hana maumivu. Umesoma? Hana. Tangu mume wangu aondoke, vidonge vimeanza kufanya kazi. Wiki ya kwanza niliona kidogo tu, anageuka bila kulia. Halafu juzi nikamsimamisha, akasimama. Jana akatembea na ile fremu ya chuma mpaka dirishani, akashika pazia, akacheka. Daktari anasema tukiendelea hivi atatembea kabla mvua hazijaisha. Ameniruhusu nimpe kidonge cha nyongeza asubuhi kabla ya mazoezi. Sasa niambie, nani alikuwa akinimalizia dawa? Mtu ametoka, dawa imekaa. Hata mahakamani ushahidi huwa haunyooki hivyo.

Usifikiri ninafurahi. Nimelia kwa yote mawili, kwa mama aliyesimama na kwa mwanaume niliyelala naye miaka yote hii nikimwamini. Lakini sikukosea, na wewe ulinifanya nijione mbaya.

Kuna vijambo vidogo. Ana kizunguzungu, na machozi yanamtoka bila sababu, hata kwa redio. Anasema akigeuza macho anasikia kama umeme unampita kichwani. Alinigombeza kwa sababu ya kijiko. Nadhani ni hasira ya mkwe wake kuondoka. Na analala sana, mchana pia. Namwacha, ana deni kubwa la usingizi.

Mzigo wako haujafika. Anaulizia vitamini zake kila nikiingia, nimemwambia nitamnunulia nyingine hapa, akasema hataki za dukani.

Dada yako


18 Aprili

Wewe,

Mama yuko hospitali. Yuko hai. Nakuanzia na hilo kwa sababu wewe ni ndugu yangu, la sivyo ningekuacha usome mpaka mwisho ndipo ujue.

Jana mchana nilikuwa kiwandani. Jirani aliyekuwa akimwangalia alidhani amelala. Mume wangu alikuja kuchukua springi za kochi, akachungulia dirishani kumsalimu kama anavyofanya kila siku, jambo ambalo sikulijua. Mama hakujibu. Akaingia, akamkuta midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi moja halafu unasubiri mpaka unadhani hakuna nyingine. Akamtikisa, haamki. Yeye na jirani walimbeba juu ya kochi la mteja mpaka barabarani, na ule mgongo wake. Hospitali walimchoma sindano ya kuiondoa dawa nguvu, akafumbua macho, akauliza nani amewasha taa.

Daktari akasema kodeini imemzidi. Nikamwambia haiwezekani, mwezi mzima uliopita ilikuwa haimzidi hata mbu. Ndipo mfamasia, yuleyule, akaniambia nirudi nyumbani nilete kila chupa iliyomo, hata ya vitamini. Nilikasirika, nikaona ananipotezea muda. Nikaleta. Chupa ya vitamini ilikuwa tupu, isipokuwa nusu kidonge mama alichokuwa amekiweka akiba. Mfamasia akakigeuza, akasoma herufi zilizochongwa juu yake, akaniuliza mama ana sonona tangu lini.

Nilimjibu kwamba mama yangu hana kitu hicho. Nilimjibu mbele ya mama, Kitinda. Na mama akageuza uso ukutani.

Sasa nikueleze nilichoelezwa, nawe ukae nacho. Kodeini ikimezwa yenyewe haitulizi kitu cha maana. Ni mpaka ifike kwenye ini, na kimeng'enya fulani kilichomo humo kiigeuze sehemu yake kuwa mofini. Hiyo mofini ndiyo inayotuliza. Zile dawa zako za huzuni zinakishika kimeng'enya hicho mikono. Mama alipokuwa anazimeza, kodeini iliingia na kutoka bila kugeuzwa, ndiyo maana ilikuwa chokaa. Daktari akaongeza kipimo bila kujua. Halafu zako zikaisha, kimeng'enya kikaachiwa mikono, kikaanza kuigeuza kodeini kwa nguvu zake zote, ile maradufu, pamoja na kidonge cha nyongeza nilichompa kwa mkono wangu huku nikiimba. Na ule umeme wa kichwani na machozi ni mwili kunyimwa dawa zako ghafla, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba haziachwi hivyo.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyemeza. Nilimfukuza mume wangu kwa sababu ya ini la mama.

Nilikuandikia mwezi wa tatu nikakuuliza kama kuna kitu unakijua. Ukanijibu kuhusu chaki na sukari. Ulikuwa unajua na ukanitania.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeiweka chini nikiwa nimekasirika na mtu tofauti. Leo zamu imekuwa yako, kwa hiyo utanivumilia, halafu nitakuja kwangu.

Ulimwambia mfamasia kwamba dawa zote unazishika wewe. Mama alikuwa hapohapo, ana mdomo, ana akili timamu. Aliulizwa yeye, ukajibu wewe. Ameniandikia kwamba alitaka kumwambia daktari akakosa upenyo. Upenyo, Dada, kwa daktari wake mwenyewe. Ulimuuliza lini mama swali halafu ukanyamaza ukasubiri jibu?

Haya, nimekuja kwangu. Nilijua na sikusema. Mama aliniapisha na mimi nilifurahi kuapishwa. Wewe umekaa naye miaka yote, unamwogesha, unaijua presha yake kwa kumtazama tu, na mimi huku niliko nilikuwa na kitu kimoja ambacho wewe huna. Kila nikifunga ile soksi nilijiona mtoto wa maana. Sikujua kwamba dawa moja inaweza kuifunga nyingine, nani angenifundisha? Lakini uliponiandikia kwamba kodeini haifanyi kazi, wazo la ile chupa lilinijia, nikalisukuma. Nilisema moyoni huzuni iko kichwani na nyonga iko chini, zitakutana wapi. Mimi fundi mitambo, ninayejua kwamba mafuta machafu ya tangi moja yanaweza kuzima taa za kambi nzima.

Na nilimwandikia ajikaze, si dawa ya kuua mtu kwa kuikosa. Sentensi hiyo siwezi kuila wala kuitapika.

Mzigo umerudishwa kwangu. Nimeuacha hapo, nasubiri mfamasia aseme. Nimeomba ruhusa ya kuja, mkuu wa kambi amesema mtambo wa pili kwanza. Nimemwambia maneno ambayo huenda yakanirudisha nyumbani mapema kuliko ruhusa.

Shemeji yuko wapi sasa? Umemwambia?

Kitinda


10 Mei

Wanangu wawili,

Barua hii naiandika mara mbili kwa maneno yaleyale, moja ya Jemadari na moja ya Kitinda, ili msikae mkiulizana mama kakuambia nini. Mkono unauma lakini nimekataa kusaidiwa.

Nina sonona. Daktari ndivyo anavyoiita, mimi naiita uzito. Ilinipata baba yenu alipokufa na haikuondoka na wageni. Nina presha. Nina jino la nyuma linaloniuma ambalo nimemficha Jemadari pia. Sipati choo vizuri tangu kodeini. Nadhani hayo ndiyo yote. Mafungu yameisha, kila mtu sasa ana chungu kizima, na mkinigeukia kuwa wazazi wangu nitawachapa wote wawili, mguu au bila mguu.

Mfamasia alikuja kukaa kitandani kwangu, akamwomba Jemadari atoke nje. Akatoka. Sikuamini. Akaniuliza mimi, nikamjibu mimi. Dawa ya huzuni nimerudishiwa, kwa jina lake, kwenye chupa yake. Kodeini imeondolewa. Nimepewa mofini ya maji, ya kunywa, kwa kipimo kidogo cha bomba. Anasema hiyo haihitaji kugeuzwa na kimeng'enya kile, imekuja ikiwa imeshageuzwa. Wananitazama pumzi. Naumia kidogo, na nasimama.

Daktari wa mifupa amepima nyonga. Wiki zile zilizopotea hazirudi. Nitatembea na fremu, bila fremu hapana, labda siku zote. Nililia, halafu nikamwambia asante kwa sababu alionekana kama yeye ndiye anayehitaji kuambiwa.

Sasa lililobaki, na hili nalisema kwa hasira. Mnajua mkwe wangu alikuwa anasinzia kwa nini? Jemadari alikuwa anawahi zamu ya alfajiri, kwa hiyo alikuwa analala, na alistahili kulala. Mume wake ndiye aliyekuwa akikesha nami. Ananigeuza, ananiwekea mto katikati ya magoti, ananisimulia habari za wateja wanaotaka kochi la kifalme kwa bei ya stuli. Ile pamba niliigeuza mimi, nilikuwa nataka kuona kama dawa ni ileile ya hospitali. Nilimwomba asikwambie, Jemadari, kwamba anakesha, usije ukaacha kazi. Akashika ahadi hiyo hata ulipokuwa unamtoa mlangoni. Mimi nilikuwa nimelala pale na nilipaswa kusema, nikaishia kupiga kelele kwamba unamwonea, bila kusema unamwonea vipi. Niliogopa ukianza kufungua kimoja utafungua vyote.

Kila mmoja wetu alikuwa anatunza siri kwa upendo, na angalieni tulichokifanya.

Mama yenu


3 Juni

Kitinda,

Pole na kazi. Nimesikia mtambo wa pili umewaka, afadhali kitu kimoja kimewaka.

Mama yuko nyumbani. Anatembea na fremu kutoka kitandani mpaka jikoni, anafika amechoka na anagombeza watu, kwa hiyo ni mzima. Dawa zake zote ziko juu ya meza, wazi, kila chupa na jina lake. Nikiulizwa swali kliniki nafumba mdomo namtazama mama. Kunaniuma kuliko jino lake. Juzi daktari alimuuliza anaendeleaje na mama akatumia nusu saa kumweleza, nami nikakaa nimekalia mikono yangu.

Uliniuliza kama nilimwambia. Nilikwenda karakana. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nilipofika yakaniishia, nikasema tu kwamba nimekosa na kwamba nyumba ni yake. Aliendelea kupigilia kitambaa mpaka akamaliza upande mzima. Halafu akasema sawa. Akarudi jioni ile na kikapu chake. Hakunisema, hakunipigia kelele. Ningependa anipigie kelele. Anakula, anacheka na mama, ananiuliza habari za kiwandani. Nikadhani tumevuka.

Kila mchana huwa natoka kiwandani kuja kumpa mama dawa, lakini jana mashine iliharibika na hatukuruhusiwa kutoka. Mofini ya mama ya mchana ilikuwa imefika wakati wake. Bomba la kupimia lilikuwa mezani, limewekwa alama ya wino na mfamasia, hata mtu asiyeona vizuri hakosei. Mama akamwomba mume wangu ampe. Akamwambia, "Mama, nisamehe, hilo sitaligusa." Mama akambembeleza. Akatoka kumtafuta jirani, hakumkuta, akarudi. Mama akajaribu kunyoosha mkono mwenyewe, hakuifikia meza, na nyonga ikawa imeshaanza kuamka, hata kusimama kwenye fremu hakuweza.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Niliwakuta mama amefumba macho, jasho linamtoka, anauma ukingo wa shuka. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yake, amemshika mkono, uso wake umelowa machozi. Alikuwa amekaa hivyo tangu mchana. Chupa ilikuwa mezani palepale nilipoiacha asubuhi.

Dada yako